Kompresa Iliyokufa Mara Kumi na Mbili

Wako watu wanaosikiliza ndege asubuhi. Tajudini yeye alisikiliza klimatizere, zile mashine za kupoza nyumba. Jua likiwa bado lina adabu, alitoka kwake Buyenzi na baskeli yake, akakanyaga polepole mpaka Kinindo, na huko akawa anapita ukuta kwa ukuta, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Watumishi waliokuwa wanafagia mbele ya milango ya wakubwa walimwona, wakasema huyu kijana ana mawazo. Kweli alikuwa na mawazo. Yote yalihusu mali ya watu.

Jumatatu hiyo, nyuma ya ukuta mweupe uliopakwa chokaa juzi tu, akasikia alichokuwa anakitafuta.

Mmmmmm. Tak!

Halafu feni peke yake, ffff, inazunguka bila kazi, kama mgeni aliyefika kwenye arusi akakuta wenyeji bado wanaoga. Tajudini akashuka. Akangoja dakika tatu, mkono umeshika usukani. Mmmmmm. Tak! Akafumba macho, akamshukuru Mungu, ambaye hakuwa ameulizwa.

Tueleze kidogo, maana si kila mtu amejaliwa kuyajua haya. Ndani ya lile sanduku la klimatizere linalokaa nje ya nyumba kuna chuma cheusi, kizito, cha mviringo, kama sufuria iliyofungwa kifuniko isifunguke tena. Hiyo ndiyo kompresa. Ndiyo moyo. Ikinguruma kidogo halafu ikasema tak na kunyamaza, mara tisa kwa kumi haijafa. Imekosa tu wa kuisukuma ianze. Na anayeisukuma ni kikopo kidogo kilicho pembeni yake, ukubwa wa kopo la tomati, kinaitwa kondansatere. Umeme ukikatika na kurudi kwa hasira, kikopo kinavimba kichwa, basi, kwisha. Bei ya kikopo kipya ni kama samaki watatu wa mikeke wa kuchoma. Fundi mwaminifu anakibadilisha kwa robo saa, ananawa mikono, anakwenda zake. Ndiyo maana mafundi waaminifu wanapanga chumba kimoja mpaka wanazeeka.

Tajudini alikuwa na njia iliyonyooka zaidi. Aling'oa kompresa nzima, akaipeleka kwake, akaisugua na msasa, akaipulizia rangi nyeusi inayong'aa, akaibandika karatasi yenye maandishi ya Kijapani, akaitia kwenye karto, boksi la karatasi ngumu. Kesho yake akairudisha pale pale ilipotoka, pamoja na kikopo kipya, na mwenye nyumba akalipa bei ya kompresa mpya, akatoa na asante.

Lakini Bujumbura ina desturi yake. Fundi akibadilisha kitu, kile cha zamani ni cha mwenye mali. Lazima akione, akishike, akigeuze, hata kama hajui ni kitu gani. Bila hivyo hakuna malipo. Na hapo ndipo ilipoingia maiti.

Maiti ilikuwa kompresa moja yenye kutu, iliyokufa kweli, ubavuni imebonyea, na miguu yake mitatu inayumba. Tajudini aliitia kwenye gunia, akaifikisha kwa kila mteja kwa huzuni inayostahili. "Hii hapa ya zamani, patro. Haki yako." Mteja akaiangalia, akatikisa kichwa, akaridhika. Halafu Tajudini akasema: "Hii chuma itakuchafulia tu nyumba. Mi nainunua kwa kilo." Wakabishana kidogo, mteja akapandisha bei, akafurahi kwamba amemshinda fundi, na maiti ikarudi Buyenzi ikisubiri msiba mwingine. Ilikuwa imekwisha kufa katika nyumba kumi na moja.

Mtu atauliza kwa nini asiwe nazo mbili tatu. Alitafuta. Lakini siku hizi wanunuzi wa chuma chakavu wanapasua kila kompresa kwa ajili ya shaba iliyo ndani. Kuipata iliyokufa ikiwa nzima ni kazi kuliko kuipata iliyo hai.

Na wiki ile Tajudini hakuwa na nafasi ya kukosea. Jumapili, saa nne, wazee wake walikuwa wanatakiwa kwa akina Houda, mchumba wake, na mahari mkononi. Alikuwa ameahirisha mara mbili. Houda alimwambia, bila kupandisha sauti, jambo lililo baya zaidi: "Mara ya tatu, usije." Kulikuwa na kijana anaitwa Anouar, muuza mapazia, ambaye kila jioni alipita mbele ya nyumba yao akiwa amenyoosha shati kwa pasi. Mahari yenyewe ilikuwepo, ndani ya bahasha, chini ya godoro. Ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa Mutanga Sud, kwenye nyumba ya wageni ya bwana mmoja anaitwa Valéry, mwenye klimatizere nne zinazosema tak. Kompresa ya kwanza ya Valéry ilikuwa tayari imekwisha pakwa rangi, inakauka karibu na dirisha. Valéry alisema: "Ijumaa, nikiona ya kwanza inafanya kazi, na ile ya zamani iko mbele ya macho yangu, nalipa zote ine siku hiyo hiyo."

Ijumaa, basi. Kinindo ilikuwa ya kujiongezea mchuzi tu.

Akapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Jina lake Mwantum, mjane. Binti yake alikuwa kazini nchi za nje na kumwachia ile nyumba, na yeye, badala ya kukaa kama watu wa Kinindo, alikuwa anatengeneza gato za arusi, zile za ghorofa tatu zenye krimu, katika chumba kimoja chenye baridi. Au chumba kilichokuwa na baridi.

"Salaam aleikum, mama. Mi ni Tajudini, fundi wa baridi. Nilikuwa napita tu, nikasikia klimatizere yako inalia. Moyo ukakatala kupita."

"Aleikum salaam, mwanangu. Inalia tangu Jumamosi. Krimu inatelemuka kama imekunywa pombe. Ingia, lakini pangusa viatu."

Akapangusa. Akafungua sanduku, akatoa kipimo chake cha umeme, akakizungusha mahali ambapo hata ungekipachika kwenye taa inayowaka kingeonyesha sifuri, akamwonyesha mama.

"Unaona hapo, mama? Sifuri."

"Naona."

"Moyo umesimama. Inna lillahi."

"Masikini," akasema Mwantum, akavaa miwani, akasogea. "Na hii kopo ndogo yenye kichwa kimevimba ni nini?"

"Hiyo ni ya urembo tu, mama."

"Ah."

Akauliza tena kuhusu kila mrija, unatoka wapi, unakwenda wapi, kwa nini ule umefungwa kitambaa na huu haukufungwa. Aliuliza polepole, kama mtu anayechambua mchele. Tajudini alijibu yote kwa uongo wa hali ya juu, na mama akaitikia kila mara, "Ah." Mjinga mzuri, akawaza Tajudini, anayependa kusomeshwa.

Akaing'oa, akaondoka nayo ndani ya gunia; Jumanne akarudi na karto na gunia. Akachomelea, akavuta hewa, akatia gesi, akaweka kikopo kipya mama akiwa ameingia jikoni. Akawasha. Mmmm, halafu sauti nzuri, nzito, ya kudumu. Chumba kikapoa. Mwantum akalipa bila kubisha hata senti, jambo ambalo lingemtia wasiwasi mtu mwenye akili kidogo zaidi.

"Na ya zamani?"

"Hii hapa, mama. Haki yako." Akaitoa maiti kwenye gunia, akainamisha uso. Halafu, akikunja gunia: "Ila hii chuma itakuchafulia tu nyumba. Mi nainunua kwa kilo."

"Apana, mwanangu, asante. Nitaiweka pale."

"Pale wapi?"

"Pa mulango. Upepo wa ziwa unafunga mulango wangu kila saa, gato zinashituka."

Akaiburuta mwenyewe mpaka mlangoni, akaisimamisha. Mlango ukatulia. Tajudini akacheka, akaongeza bei. Mama akatikisa kichwa. Akaongeza tena. Mama akamkatia kipande cha gato, akamfungia kwenye karatasi, akamsindikiza mpaka nje.

Jumatano akarudi na jiwe. Jiwe zuri kabisa, la mviringo, alilolichagua mtoni Ntahangwa kwa zaidi ya saa nzima.

"Mama, nimefikiria mulango wako. Chuma ina kutu, itakuchafulia sakafu. Nimekuletea jiwe. Tubadilishane, bule kabisa."

Mwantum akalishika jiwe, akalizungusha, akalisifu. "Ni muzuri. Nitaweka pa mulango wa jikoni." Akaliweka. Sasa milango miwili ilikuwa imetulia.

Alhamisi asubuhi akaja na hadithi. Kuna mzungu, akasema, anakusanya kompresa za zamani, anazipanga kwenye kabati la kioo, na hii ya mama ni ya mwaka wa nadra sana.

"Yoo!" akasema Mwantum. "Mwaka gani?"

"Ya tisini na moja."

"Na klimatizere yangu binti alinunua juzi juzi. Waliniuzia na moyo wa zamani?"

Tajudini akapangusa jasho. Ndani ya chumba cha baridi, tafadhali.

Mwantum akaketi juu ya kigoda, akaendelea kupaka krimu kwenye ghorofa ya pili. Alipaka kwa kisu kipana, akizungusha sahani kidogo kidogo mpaka alipofika alikoanzia.

"Sikiliza, mwanangu. Mi nimeuza sokoni miaka makumi mbili na sita. Kitu mutu anakifuata mara tatu, na jasho, na jiwe, hicho si kichafu. Sijui ni cha nini, na sikuulizi. Lakini kina bei."

"Sema bei, mama. Sema tu."

"Pesa sitaki. Uliniuzia kompresa mupya, imefanya kazi vizuri. Nataka ingine kama hiyo, ya kuweka akiba. Ikuwe mu karto ya duka, imefungwa na skochi ya duka, na facture ya malipo yenye kashe, muhuri wa duka. Ukinipa hiyo, beba yako."

"Mama! Mupya kwa ya kuoza?"

"Basi iache. Mulango wangu umeizoea."

Tajudini akatoka nje, akasimama karibu na baskeli. Tusimwonee, alifanya hesabu kama mtu mwenye akili. Moja anatoa, nne anapokea. Kesho ni Ijumaa. Valéry bila maiti halipi, Jumapili bila Valéry hakuna mahari, na Houda bila mahari ana Anouar na shati lake lililonyooshwa. Pesa ya Mwantum ilikuwa imekwisha liwa na madeni; akaenda nyumbani, akainua godoro, akatoa bahasha, akaingia dukani mjini. Kwa mara ya kwanza maishani akanunua kompresa mpya. Muuzaji alipomwandikia facture, Tajudini aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa nyoka amshikie mwenzake.

Alipofika Kinindo akakuta Mwantum ameita majirani wawili, mzee mmoja mstaafu na mama anaitwa Annick. Mapatano bila mashahidi, na mashahidi bila kunywa kitu, huku kwetu ni maongezi tu. Fanta zikafunguliwa. Karto ikakaguliwa, skochi ikapapaswa, facture ikasomwa kwa sauti mpaka namba ya simu ya duka. Mashahidi wakasema wameona. Mwantum akasema, "Allah akubariki, mwanangu, umetimiza." Tajudini akaitazama maiti yake, kutu, mbonyeo, miguu mitatu inayoyumba. Ndiyo yenyewe. Akaitia ndani ya gunia, akaifunga kwenye baskeli kwa mpira, akaondoka anapiga mluzi.

Ijumaa baada ya sala, Mutanga Sud. Kompresa ya Valéry ikarudishwa mahali pake, na kikopo kipya. Ikaanza. Baridi ikatoka. Valéry, mtu mnene, mwenye fulana iliyoandikwa jina la mashindano ya mbio ambayo hakukimbia, akaweka mkono mbele ya upepo, akatabasamu.

"Sawa, fundi. Sasa nionyeshe marehemu."

Tajudini akafungua gunia, akaisimamisha maiti juu ya meza ya mapokezi. "Hii hapa, patro. Haki yako."

Wateja wengine wote waliiangalia tu ikiwa imesimama. Valéry alikuwa na tabia ya kugeuza vitu. Sahani, viti, watoto wa wageni. Akailaza ubavu, akaangalia chini. Akavuta taa karibu. Halafu akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo redioni, maneno yaliyokwaruzwa kwa msumari, herufi kubwa, zimenyooka kama za daftari la darasa la nne:

"MIMI NI MAITI YA TAJUDINI. NILIKUFIA KININDO, KWA MAMA MWANTUM. UKINIONA KWAKO, PIGA SIMU."

Na chini yake, namba.

"Patro," akasema Tajudini, "hiyo ni marke ya kiwanda."

Valéry alikuwa amekwisha piga. Aliiweka simu juu ya meza, karibu na marehemu, sauti juu.

"Aleikum salaam," ikasema sauti ya Mwantum, imetulia, na nyuma yake unasikia klimatizere inanguruma vizuri. "Ameishafika? Leo nilifikiri atachelewa, kuna joto. Nani mwenzangu? Valéry? Karibu, Bwana Valéry. Kama amekuletea mupya, chukua sipana, fungua, angalia rangi. Ile yangu, Jumanne aliondoka tu, nikavaa miwani, nikaangalia. Kuko sisimizi. Ndiyo, mududu. Amekaa juu ya chuma na rangi imepita juu yake, amekauka, miguu sita yote, nilihesabu. Nikajiuliza, sisimizi ametoka Japani mu karto iliyofungwa, akafika na mafuta ya rangi mugongoni? Nikaita Karimu, fundi wa kweli. Akacheka mpaka akaketi. Aliniambia ni kopo ndogo tu. Ile ya urembo."

"Na kwa nini haukuita polisi, mama?" akauliza Valéry.

"Nilikuwa na gato tatu za Jumamosi. Na polisi angenirudishia nini? Huyu kijana amenirudishia kompresa muzima, na facture. Ni mutoto wa watu. Mupe maji anywe."

Valéry hakumpa maji. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, mikono imekunjwa juu ya tumbo, na Tajudini akabadilisha vikopo vitatu vilivyobaki kwa bei ya vikopo, mchana kutwa, chini ya ulinzi, akiwa anaulizwa kila dakika kumi, "Na hiyo je, ni ya urembo?" Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya halali tangu aanze ufundi, na ni lazima tukubali, aliifanya vizuri sana. Klimatizere nne zikaimba. Pesa aliyolipwa ilitosha mikeke, kwa hesabu nzuri, na ndizi za pembeni.

Akasukuma baskeli mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa chuo kikuu, akatoa simu. Alijaribu kupanga uongo. Uongo, rafiki yake wa miaka yote, siku hiyo haukuitika.

"Houda, mupenzi. Jumapili haitawezekana."

"Pesa iko wapi?"

"Nilinunua kompresa."

"Ya kuuza?"

"Apana. Nilimupelekea mama mumoja wa Kinindo."

Kwa mbali ilisikika cherehani ya dada yake Houda inasimama.

"Mupya?"

"Mupya."

"Mu karto?"

"Mu karto."

"Ulituma mutu ao ulipeleka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mashahidi?"

"Wawili."

"Walikunywa?"

"Fanta. Lakini Houda, ngoja nikueleze..."

"Na huyo mama alisema nini?"

"Alisema Allah anibariki, nimetimiza."

"Ana bwana?"

"Ni mujane. Houda, ni mama mukubwa, ana miaka..."

"Miaka si kitu, mahari haiulizi miaka. Mahari yangu imepelekwa, imehesabiwa, imepokelewa, mashahidi wamekunywa, na mwanamuke amekubali. Hongera, Tajudini, umeishaowa. Rudi kwako Kinindo mapema, usimuchoshe bibi na kukungojea chakula."

Akakata.

Anouar, muuza mapazia, alifika kwa akina Houda Jumapili saa nne kasoro dakika tano.